Nyimbo za zamani za Noeli na mashini ya kunasa sauti

Yanapofika majuma ya Majilio, mtu anayepita jioni katika Mabanga, hapa Goma, hakosi kusikia wimbo. Korali ziko katika mazoezi. Hii inaimba Kiswahili, ile Kifaransa, ile nyingine Kinande, ao Kihunde, ao Kinyarwanda. Na juu ya mawe yale meusi ya volkano (kwa Lingala mabanga ni mawe, na jina limepata mahali pake) sauti zinagongana kama watu katika soko la Virunga. Ni furaha kuzisikia. Lakini furaha haimkatazi mtu kusikiliza vizuri, na mimi nataka kusema niliyoyasikia.

Korali moja iliniita nisikilize mazoezi yake mbele ya Noeli. Wimbo ulikuwa wa zamani, wa Ulaya, wenye maneno ya Kiswahili. Katika ubeti wa pili waimbaji wote wa sauti ya kwanza wakakata jina la Bikira katikati, wakavuta pumzi, wakaendelea. Nikafikiri wamechoka. Wakarudia, ikawa vilevile. Nikamwuliza kiongozi wao sababu. Akanijibu bila haya: «Padri, ndivyo ilivyo katika telefone.» Tukaisikiliza telefone. Kweli kabisa! Dada mmoja wa mbali, ambaye hatumjui, siku ya kunaswa sauti yake alikuwa na mafua, ao alikosa pumzi, basi akavuta pumzi mahali pabaya. Na korali nzima ya watu arubaini ilikuwa imejifunza mafua yake.

Tulicheka pamoja. Lakini nilipokuwa nikirudi nyumbani niliona ya kwamba jambo hili si la kuchekwa tu. Zamani korali ilijifunza wimbo kwa kinywa cha mtu ao kwa karatasi ya nota. Leo inajifunza kwa mashini. Na mashini haisemi: hapa nilikosa, hapa nilifanya haraka, hapa nilifuata desturi ya kwetu tu. Mashini inasema yote kwa sauti moja, na mwanafunzi anaamini yote kwa imani moja. Ni lazima basi sisi tunaofundisha wimbo katika seminari na katika parokia tujiulize: wimbo wa zamani wa Noeli umefikaje kwetu, nani aliupanga, na mashini inapounasa inashika kitu gani?

Tutazame wimbo ambao kila mkristu wa Goma anaujua, ule wa usiku mtakatifu. Maneno yake yaliandikwa kwa Kidachi mwaka 1816 na padri kijana, Joseph Mohr, huko Mariapfarr katika milima ya Salzburg. Vita vya Napoleon vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia, na watu walikuwa maskini tena wachovu. Miaka miwili baadaye Padri Mohr alikuwa Oberndorf, kando ya mto Salzach. Tarehe 24 Desemba 1818 alimpa rafiki yake Franz Xaver Gruber, mwalimu wa shule ya Arnsdorf na mpiga kinanda, zile beti zake sita, akamwomba azitilie muziki wa sauti mbili na gitaa. Usiku uleule wakauimba kanisani: padri sauti ya juu na gitaa mikononi, mwalimu sauti ya chini, waimbaji wakirudia mwisho wa kila ubeti.

Kisha wimbo ukaondoka kwao, nao hawakujua unakwenda wapi. Fundi wa vinanda, Karl Mauracher, alichukua nakala akaipeleka kwao katika bonde la Ziller. Familia za waimbaji wa bonde lile, akina Strasser na akina Rainer, wakauimba katika miji ya Wadachi. Akina Rainer wakaufikisha New York mwaka 1839. Ulipochapwa Dresden, yapata mwaka 1833, ulitolewa kama wimbo wa watu wa Tirol, bila jina la Mohr wala la Gruber. Wengine wakasema ni wa Haydn. Mwaka 1854 wanamuziki wa mfalme huko Berlin waliandika barua Salzburg kuuliza habari zake, na Gruber, aliyekuwa angali hai, akaandika ushuhuda wake tarehe 30 Desemba ya mwaka ule. Padri Mohr hakuweza kushuhudia: alikuwa amekufa mwaka 1848, maskini. Karatasi aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe ilipatikana mwaka 1995 tu, na juu yake ameandika wazi ya kwamba melodi ni ya Gruber. Aliyesahauliwa hakumsahau mwenzake.

Jambo linalonigusa ni hili: melodi tunayoiimba leo si sawasawa na ile ya karatasi za Gruber. Waimbaji wa Tirol waligeuza nota chache njiani. Beti sita zikabaki tatu. Gitaa likaondoka, kinanda kikaingia, kisha korali ya sauti nne, kisha vyombo vya muziki vya namna zote. Je, waliharibu? Kwa zile nota chache, nasema hapana. Walioimba mbele ya watu usiku kwa usiku waliona mahali ambapo ulimi unakwama, wakapalainisha, na kazi ya kinywa namna hii mara nyingi ni nzuri kuliko kazi ya kalamu. Kwa majina yaliyotupwa, walikosa. Na kwa beti zilizoachwa, tumepoteza sisi. Kwa maana katika zile beti tatu ambazo karibu hakuna anayeziimba iko moja, ya nne, inayosema ya kwamba Yezu anayakumbatia mataifa ya dunia kwa upendo wa ndugu. Padri yule aliiandika mwaka mmoja kisha vita. Na sisi wa Goma, ambao tunajua vita kuliko tunavyotaka kuijua, tunaimba wimbo wake kila mwaka bila ubeti ule! Nani alitukatia? Si askofu wala Papa. Ni mpangaji mmoja aliyeona wimbo ni mrefu, na wengine wakamfuata.

Hivyo mpangaji ana nguvu kubwa kuliko tunavyofikiri. Tena kwetu nguvu yake inaonekana zaidi katika maneno. Waseminari wanaponiletea wimbo wa Noeli walioutia maneno ya Kiswahili, kwanza sitazami teolojia yake, nahesabu mapigo. Kidachi, Kiingereza na Kifaransa hupenda kumaliza mstari kwa silabi nzito. Kiswahili hakipendi. Uzito wa karibu kila neno letu unakaa kwenye silabi iliyo mbele ya ile ya mwisho: Yé-zu, Bi-kí-ra, Mwo-kó-zi, a-me-za-lí-wa. Sasa twaa melodi ya Gruber. Sehemu yake ya kwanza inafika kwenye nota moja ndefu na kupumzika pale, kwa sababu kwa Kidachi neno la mwisho pale lina silabi moja tu. Mwenye haraka anaweka juu ya nota ile ndefu silabi yetu ya mwisho, nasi tunasikia Ye-ZÚ, Bi-ki-RÁ, Mwo-ko-ZÍ. Bibi mzee aliyeketi nyuma kanisani anafikiri ni Wazungu wanaojifunza lugha yetu.

Dawa si ngumu. Nota ile ndefu ivunjwe kuwa mbili: iliyo ndefu zaidi ipewe silabi nzito, na iliyo fupi ipewe silabi ya mwisho, iimbwe polepole bila kusukumwa. Gruber hatalalamika, wengine walimfanyia makubwa kuliko hayo. Lakini wapangaji wetu wengi wanaogopa kugusa nota za Ulaya, na hawaogopi kuvunja maneno ya mama zao. Heshima hiyo imegeuzwa kichwa chini.

Angalieni vilevile jambo la ajabu kidogo. Nyimbo za zamani za Kilatini zinakubali Kiswahili kwa urahisi kuliko nyimbo za Kifaransa zilizokuja baadaye. Sababu ni ileile: Kilatini nacho hakipendi uzito juu ya silabi ya mwisho. Adeste fideles, ambao unaonekana katika nakala za John Francis Wade, mkatoliki Mwingereza wa karne ya 18 aliyefanya kazi ya kunakili vitabu vya muziki na kujulikana sana Douai huko Ufaransa, unaonyesha jambo hili kwa jina lake tu: fi-DÉ-les, sawasawa na a-me-za-LÍ-wa. Anayetaka kujifunza kupanga wimbo wa Kiswahili juu ya melodi ya kigeni, aanzie pale, asianzie Minuit, chrétiens. Wimbo huu wa mwisho, maneno ya Placide Cappeau na muziki wa Adolphe Adam, mtu wa opera, mwaka 1847, ni wa mwimbaji mmoja mwenye kifua kikubwa. Wakuu wengine wa muziki wa Kanisa waliukataa zamani. Mimi siukatai. Naomba tu usitolewe kwa mwimbaji ambaye kila mwaka anatutia hofu kwenye ile nota ya juu.

Kwa lugha zetu nyingine mambo ni mazito zaidi, maana kupanda na kushuka kwa sauti kunageuza neno lenyewe. Kwa Kinyarwanda umuryango unaweza kuwa mlango ao ukoo, kadiri sauti inavyovutwa na kupandishwa. Mpangaji anayefuata melodi ya Ufaransa bila kusikiliza sauti ya neno, anaweza kuimba familia takatifu, na watu wakasikia mlango.

Wako wanaosema: basi tuache nyimbo za Ulaya, tuimbe za kwetu tu. Wako wengine wanaosema kinyume: ngoma na mchezo si vitu vya usiku wa Noeli. Kwa hawa wa pili nina jibu fupi. Huko Paris, yapata mwaka 1694, Marc-Antoine Charpentier, aliyekuwa mkuu wa muziki katika kanisa la Wayezuiti, alipanga Misa nzima ya usiku wa Noeli juu ya nyimbo zilizoimbwa nyumbani na njiani, nyingine za kuchezwa kwa miguu. Kyrie yenyewe aliijenga juu ya wimbo wa kijiji juu ya ndoa ya Yozefu. Na katika buku liitwalo Piae Cantiones, lililochapwa mwaka 1582 kwa ajili ya shule za Finland na Sweden, mna wimbo wa maua ya majira ya kuchipua. Mwaka 1853 padri wa Kianglikana John Mason Neale aliutia maneno ya mfalme Wenseslao, na tangu siku ile ulimwengu unauita wimbo wa Noeli. Nyimbo za njiani ziliingia kanisani tangu zamani. Zilizopangwa vizuri zilikaa.

Wala Kanisa halikutufungia mlango. Papa Pio wa 10, tarehe 22 Novemba 1903, alidai muziki wa Kanisa uwe mtakatifu, uwe kazi njema ya ufundi, uwe wa kufaa pahali pote. Lakini palepale aliyakubalia mataifa namna zao. Papa Pio wa 12 alitoa barua yake juu ya muziki siku yenyewe ya Noeli, mwaka 1955, na humo aliwakumbusha wamisionari upendo wa watu kwa nyimbo zao. Konsilio ya Vatikano ya pili, tarehe 4 Desemba 1963, katika namba 119 ya katiba ya liturjia, ilidai muziki wa mataifa ya misioni upewe heshima unayostahili. Misale yetu ya majimbo ya Zaire ilikubaliwa mwaka 1988. Ruhusa tunayo. Tunakosa kazi.

Kazi gani? Mfano mmoja wa misioni unafundisha kuliko maneno mengi. Huko Kanada, katika karne ya 17, Wayezuiti waliishi kati ya Wahuroni. Mapokeo yanasema ya kwamba Mtakatifu Yoane wa Brébeuf, aliyeuawa kwa ajili ya imani mwaka 1649, aliwatungia wimbo wa Noeli yapata mwaka 1642, kwa lugha yao, juu ya melodi ya zamani ya Ufaransa. Kabila lile liliteswa na kutawanyika. Lakini wakristu waliobaki walishika wimbo kwa kinywa, na katika karne ya 18 padri mwingine akauandika. Hapa ulikuwa salama. Lakini mwaka 1926 Mkanada mmoja, Jesse Edgar Middleton, aliutia maneno ya Kiingereza. Hakutafsiri, alitunga mapya, yenye ngozi za wanyama na maganda ya miti, kama vile mtu wa mji anavyofikiri watu wa msitu. Na jina la Mungu alilolitia humo si la Kihuroni hata kidogo: ni la lugha za Waalgonkini, watu wengine kabisa. Maneno hayo ndiyo yanayoimbwa sana leo katika Kanada. Ni sawa mtu atutungie wimbo wa Wahunde, amwite Mungu kwa jina la Walunda, kisha aupeleke katika redio ukiwa na jina «wimbo wa zamani wa Wahunde». Melodi imebaki, jina la mtakatifu limebaki, lakini watu wenyewe wametoweka ndani ya wimbo wao.

Nafika sasa kwenye mashini. Katika miaka yake ya kwanza mashini ya kunasa sauti ilikuwa na pembe kama ya ng'ombe mkubwa; waimbaji wachache walisongamana mbele yake na kupaza sauti. Korali kubwa haikuingia humo. Mikrofoni ndiyo iliyofungua njia. Tarehe 31 Machi 1925, katika jumba la Metropolitan Opera la New York, kampuni ya Columbia ilinasa korali za wanaume zilizoungana, sauti 850, wakiimba Adeste fideles, na wasikilizaji wakaitika pamoja nao. Katika kuuza ile disiki wakajivunia sauti 4,850. Wimbo ambao Wade aliunakili kwa mkono, herufi kwa herufi, sasa ulitoka katika sanduku nyumbani kwa mtu. Lakini disiki ya wakati ule ilishika dakika tatu ao nne tu kila upande. Wimbo wenye beti nyingi ulifanyaje? Ulikatwa. Na watoto waliokua karibu na gramafoni walijua ya kwamba wimbo ni mfupi hivyo.

Disiki inashika pia nyumba. Sauti za watoto wa King's College, Cambridge, ambao ibada yao ya Noeli inatangazwa na BBC tangu mwaka 1928, zimepanda katika jengo la mawe lenye dari ya juu sana; sauti inakaa hewani hata kisha mwimbaji kunyamaza. Mpangaji wao David Willcocks alijua jengo lile vizuri, na mipango yake katika buku la mwaka 1961, ambamo watoto wanapanda juu ya melodi katika ubeti wa mwisho, inapendeza sana mle. Sasa uilete chini ya bati la Mabanga, mvua ya Desemba ikipiga! Sauti inakufa inapotoka kinywani. Korali inayofuata mwendo wa disiki ile inaimba polepole sana, ikingoja mwangwi usiokuja. Chini ya bati wimbo unataka mwendo mwepesi zaidi na maneno yanayokatwa wazi, pia ngoma inayopigwa kwa mkono wenye akili. Sisemi ile kelele ya kinanda cha umeme tunachokiita sinte, ambacho kimefungiwa pigo moja tangu kiwandani, na kinalipiga pigo lile juu ya Noeli, juu ya Pasaka na juu ya harusi, bila kujali.

Hata hivyo mashini ikitumiwa na mtu mwenye subira inafanya kazi ambayo kalamu haiwezi. Béla Bartók, Mhungaria, alitembea na fonografu katika vijiji vya Waromania mbele ya vita ya mwaka 1914, akanasa nyimbo zao za Noeli, zile wanazoimba vijana wakipita nyumba kwa nyumba. Mwaka 1915 alipanga 20 kwa piano. Lakini hakuishia pale. Aliziandika nota zake zote, 484, pamoja na mapigo yake yasiyo sawa, mara matatu, mara mawili, mara matano, wala hakuyanyoosha ili yafanane na ya Vienna. Alipokosa mchapaji wa kulipa gharama, alilipa mwenyewe, mwaka 1935. Linganisheni: zilizopangwa 20, zilizoshikwa kama zilivyo 484. Huo ndio uwiano ninaoutaka kwetu. Sisi tunapanga mia, na hatujashika hata moja kama ilivyo.

Kongo yetu ina disiki iliyozunguka ulimwengu kuliko zote za namna hii, nayo ni Missa Luba. Si wimbo wa Noeli, lakini inatufaa kwa swali letu. Padri Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji, alifika Kongo mwaka 1953. Huko Kamina alikusanya watoto na walimu wa shule, akawaita Troubadours du Roi Baudouin. Mwaka 1958 waliimba Misa ya Kilatini kwa namna za nyimbo za Kasai na Katanga, za kilio, za kuagana, za mchezo. Waliipeleka Ulaya mwaka uleule, na kampuni ya Philips ikainasa. Waliiimba kwa kutunga palepale kadiri ya desturi, bila nota mbele yao. Nakubali bila kusita ya kwamba ni kazi nzuri. Sanctus yake inamnyamazisha mtu. Lakini tuangalie kilichofuata. Siku moja ya kutunga palepale ikawa andiko. Nota zikaandikwa baadaye, zikachapwa, na korali za Ulaya na Marekani zinaimba leo kama vile watoto wale walivyoimba siku ile, pamoja na kila pambo lililowajia bila kukusudia. Sanctus ikaingizwa hata katika sinema ya Kiingereza mwaka 1968. Jina la Padri lilijulikana. Majina ya watoto, waliotunga kwa vinywa vyao, hayakujulikana hivyo. Ndiyo habari ya Mohr na Gruber tena.

Wakati uleule wako Waafrika waliotia sahihi kazi zao: Joseph Kiwele wa Katanga, aliyekufa mwaka 1961, pamoja na Misa yake, na Padri Stephen Mbunga wa Tanganyika, ambaye Misa yake ya Baba Yetu ni ya mwaka 1959, na buku lake juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Wabantu ni la mwaka 1963. Mbunga alifanya jambo ambalo waseminari wetu wanalikimbia: alisoma kwanza sheria, akasikiliza kwanza wazee, kisha akatunga.

Nimewahukumu wengi, ni haki nijihukumu nami. Tangu mwaka 2022 watu wengi sana wa Rutshuru na Masisi walikimbilia Goma, na kati yao wako makatekista wazee wa vyapeli vya milimani. Mmoja alipata nafasi kwa mtoto wake hapa Mabanga. Nilisikia ya kwamba anajua wimbo wa Noeli ambao katekista aliyemfundisha alikuwa akiuimba katika chapeli yao zamani, wenye melodi ya kwao, si ya Ulaya. Nikamwendea jioni, telefone mfukoni. Mzee akaketi juu ya jiwe mbele ya nyumba, akaimba. Nikanasa. Wimbo ulikuwa mpole, wa kushuka polepole, wenye kiitikio ambacho wajukuu walikiitikia bila kufundishwa. Akaimba mara ya pili, na tazama, melodi si ileile: mwendo wa haraka, mwisho unapanda. Telefone yangu ilikuwa imejaa. Nikasema moyoni, si kitu, ninao wa kwanza. Nikamwuliza tu: «Mzee, ipi ndiyo ya kweli?» Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto. «Zote mbili, Padri. Ya kwanza ni watoto wakiwa wamelala. Ya pili ni watoto wakiisha kuamka.»

Nilipeleka ile ya kwanza kwa korali. Niliipanga kwa sauti nne, na nadhani niliipanga vizuri: sikugusa uzito wa maneno, sauti ya basi niliiacha ishike kiitikio tu, kama wajukuu walivyofanya. Waliiimba Noeli ile, watu walifurahi, mtu mmoja akainasa kwa telefone yake, na sasa inapita katika simu za mji bila jina la mzee na bila jina la chapeli yake. Vijana wanaiimba vizuri sana. Wakisikia mtu mzima kutoka kilima kile anaimba ile ya pili, wanamsahihisha. Nimewasikia kwa masikio yangu wakimwambia mama mmoja: «Si hivyo, mama, sikiliza telefone.»

Mzee yule alikufa mbele ya Pasaka. Ile ya pili ninakumbuka mwanzo wake, na mwisho unaopanda. Ya katikati imenitoka. Mama yule aliyesahihishwa nimeuliza anapokaa. Ni karibu na bomba la maji, upande wa Mabanga Kaskazini. Nitakwenda kwake Jumatano pamoja na waseminari wawili, mmoja wa kuandika nota na mmoja wa kuandika majina, na telefone tupu.